Riwaya za Kanisa baada ya maangamizi: ununue ipi, na kwa nini uanze na kurasa za mwisho

Malalamiko yamezidi, ndugu zangu, acha niandike. Mtu anasikia A Canticle for Leibowitz ikisifiwa, anainunua, anakutana na Kilatini kisichofasiriwa popote, kitabu kinaishia kabatini. Simlaumu. Riwaya hizi zinauliza Kanisa litabaki na mamlaka gani dunia ikishateketea, na mamlaka yenyewe yamo kwenye maneno: sala, maandiko, amri. Maneno yakikupita, hela yako imekwenda. Kwa hiyo jalada, unene na nyota za mtandaoni sizigusi. Naangalia jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kamwe: je, nyuma ya kitabu kuna maelezo ya maneno magumu?

Hata hivyo namba moja inabaki A Canticle for Leibowitz (1959), ingawa chapa zote nilizoshika hazina maelezo hayo hata ukurasa mmoja. Walter M. Miller alikuwa kwenye ndege za kivita za Marekani zilizoipiga abasia (monasteri) ya Monte Cassino huko Italia mwaka 1944, na mwaka 1947 akawa Mkatoliki. Ukilijua hilo, kila ukurasa unauma. Watawa jangwani wanatunza makaratasi ya fundi mmoja wa zamani, na kati ya masalia hayo matakatifu imo orodha ya vitu vya kununua dukani. Bruda Francis anatumia miaka 15 kunakili mchoro wa umeme asioujua ni wa nini, anaupamba kwa dhahabu, kisha jambazi anamnyang'anya nakala hiyo njiani akienda kwa Papa na kumwachia karatasi ya asili. Sehemu ya tatu, abate, mkuu wa watawa, anabishana na daktari kuhusu kuwakatisha maisha watu walioungua kwa mionzi. Sijasoma riwaya nyingine inayopima mamlaka ya Kanisa mbele ya serikali kwa ukali ule, wala haimrahisishii mtu yeyote, abate mwenyewe akiwemo. Kuhusu Kilatini: ile litania ya mwanzoni, Mkatoliki aliyezoea kuitikia "Utuokoe, ee Bwana" ataitambua. Mengine mpelekee padre mzee, atafurahi kuulizwa.

Ya pili ni Riddley Walker ya Russell Hoban (1980), na hapa nina upendeleo wa wazi: nunua toleo la Indiana University Press la mwaka 1998, jingine acha. Kiingereza chake kimevunjwavunjwa makusudi, maana msimulizi anaishi Kent, Uingereza, karne nyingi baada ya mlipuko wa nyuklia, na injili ya serikali inachezwa kwa vikaragosi vijijini. Chanzo chake ni picha ya ukutani ya Mtakatifu Eustace katika kanisa kuu la Canterbury, iliyosomwa vibaya na watu waliopoteza kila kitu kingine. Toleo la Indiana lina maelezo ya mwandishi na orodha ya maneno. Bila hivyo utahangaika bure.

The Chrysalids ya John Wyndham (1955) ni ya tatu. Kiingereza chepesi, haihitaji maelezo. Tuko Labrador, Kanada, katika kijiji cha wacha Mungu ambako mwenye kasoro mwilini si mtu. Msichana Sophie ana vidole sita mguuni, na alama ya unyayo wake wenye maji juu ya jiwe ndiyo inayomponza. Lakini angalia: Marekani ilitoka kwa jina la Re-Birth. Nimeona muuzaji ameziweka zote mbili pamoja kama "seti". Ni kitabu kilekile! Huo ni wizi.

The Second Sleep ya Robert Harris (2019) inafuata. Inasomeka haraka, usisome maandishi ya jalada la nyuma, yanaharibu.

Asiye na hela apakue Lord of the World ya padre Robert Hugh Benson (1907), ni bure.

Sasa wauzaji. Kwa nini bei ya kitabu iwe "njoo inbox"? Kitabu si kiwanja. Ukienda huko unatajiwa bei kulingana na picha yako ya wasifu, kisha unaletewa chapa tofauti na uliyoagiza, na ukilalamika unaambiwa "maneno ni yaleyale". Si yaleyale. Kabla ya kutuma hela dai picha: ukurasa wa hakimiliki na kurasa tano za mwisho. Muuzaji akikataa kupiga picha hizo, hicho kitabu hana mkononi.