Kliniki ya meno Mbeya mjini: daktari safi, faili bovu

Mimi ni fundi cherehani, niko Mwanjelwa. Binti yangu yuko kidato cha pili, na tangu utotoni masikio yake hayapatani na hereni za mnadani. Siku mbili tu, tundu linavimba na kutoa maji. Hata kifungo cha jinzi kinamwachia upele chini ya kitovu. Kwa hiyo tulipokwenda kumwekea vyuma vya meno, swali langu la kwanza halikuwa bei.

Dada wa mapokezi akanijibu, "Mama, chuma ni chuma." Nusura niondoke.

Daktari ndiye aliyetubakiza. Aliposikia habari ya hereni alisema huenda mtoto ana mzio wa nikeli, metali inayochanganywa kwenye hereni za bei rahisi na vifungo vya jinzi, akatandaza vitu vyenyewe mezani. Vile vibati vinavyogandishwa kwenye jino ni stenlesi. Nikeli yake huwa karibu asilimia 8, na kromi iliyomo hufanya utando mwembamba unaoibana isitoke ovyo. Ila ule waya wa kuanzia, unaopinda na kurudi wenyewe, ni nikeli na titani, na nikeli inazidi nusu ya uzito. Akasema pia mdomo ni mvumilivu kuliko ngozi, maana mate yanasuuza muda wote, na wengi wenye masikio kama ya binti yangu huvaa bila shida. Sisi hatukutaka kubahatisha. Tukachukua vibati vya stenlesi na waya wa titani na molibdeni, usio na nikeli. Bili ikapanda kwa shilingi 120,000. Nililipa bila kunung'unika, na wanaonijua watashangaa.

Miezi mitatu shwari. Safari ya nne daktari hakuwepo, kijana mwingine akabadilisha waya. Kesho yake midomo ikaanza kuwasha, pembe zikapasuka, fizi nyekundu hata pale mswaki unapofika vizuri. Mimi nikamgombeza mtoto kwa pilipili! Jumatatu tukarudi. Daktari akachungulia, akauliza, "Nani kaweka huu?" Ulikuwa ule wa nikeli. Kwenye faili hapakuwa na neno hata moja juu ya mzio. Maongezi yetu yote yalikuwa kichwani mwake tu. Wakautoa bure, wakaomba radhi, na wiki haikuisha mdomo ukatulia.

Nyota 3. Daktari peke yake ningempa 5. Pasafi, vifaa vinafunguliwa mbele yako, ila Jumamosi foleni ni ndefu, wahi kabla ya saa mbili.

Sasa juu ya faili kumeandikwa MZIO WA NIKELI kwa wino mwekundu. Niliandika mwenyewe, kwa kalamu yao. Na kila waya ukifunguliwa naomba pakiti niipige picha. Siku hizi yule kijana akiniona tu mlangoni anaitoa kabla sijafungua mdomo.