Tanuri la pizza uani kwangu Mtwara: nimelijenga mara mbili, haya ndiyo niliyoyaona

Watu wakija nyumbani swali la kwanza huwa bei, basi nianze na bei. Tanuri la kwanza lilinila laki tatu na ishirini, likadumu wiki tatu. La pili, pamoja na banda lake, limekula laki nne na nusu, na huu ni mwaka na miezi minne linaoka.

La kwanza nilimpa fundi aliyenijengea uzio. Ni mwashi mzuri, uzio wake haujatikisika hadi leo. Tatizo tanuri alilijenga kama uzio: matofali ya kuchoma, saruji, na lipu ya saruji nje na ndani, laini kama sahani. Nilipiga picha nyingi sana siku ile. Kesho yake tukawasha moto mkubwa, maana mimi na wanangu tulikuwa na hamu. Kuba likaanza kutoa jasho, kisha tukasikia pa! Ufa ukashuka kutoka juu hadi mdomoni. Baada ya wiki tatu kila pizza ilitoka na chembe za saruji juu ya jibini.

Nimejifunza baadaye kwa nini. Saruji hushikana kwa maji iliyoyanywa wakati wa kuchanganywa. Moto ukipita nyuzi 300 hivi, yale maji huanza kuihama na saruji inarudi kuwa unga. Pizza ya kuiva kwa dakika mbili inataka sakafu yenye nyuzi 400. Hapo hata mfuko wa saruji uwe wa bei gani, haisaidii.

Aliyenifungua macho ni bibi jirani yangu, mfinyanzi wa siku nyingi. Alikuja kuomba ndimu, akaukuta ule ufa, akauchungulia.

"Mjukuu wangu, hiki chungu nani kakipaka saruji?"

Nikamwambia, fundi. Akacheka mpaka akaketi. Kisha akaniagiza udongo wa kichuguu, nikaufuata njia ya Naliendele, gunia sita. Akanifundisha kuuloweka usiku kucha, kuuchekecha, na kuuchanganya: karai moja la udongo kwa makarai matatu ya mchanga. Mchanga usiwe wa ufukweni, chumvi yake haifai. Yale matofali yaliyovunjika tukayaponda na kuyatia humo, kama wafinyanzi wanavyotia vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke. Tukafinyanga vidonge kama vya kachori, tukavianika siku mbili. Chenye ufa, mchanga ulikuwa kidogo. Kinachomeng'enyeka, udongo ulikuwa kidogo.

Fundi wa pili alikuwa kijana, na sifa yake kubwa ni kwamba alikubali kusikiliza. Kitako tulijenga kwa mawe ya matumbawe, huko chini moto haufiki. Alitaka na upinde wa mdomo uwe wa matumbawe, upendeze kama milango ya Mikindani. Nikamwambia, fundi, chokaa ya hizo nyumba za Mikindani ilipatikanaje kama si kwa kuchoma hayohayo matumbawe? Akaacha.

Juu ya kitako tukalaza chupa tupu za soda ndani ya tope lenye maranda, ili joto lisikimbilie chini. Halafu matofali ya sakafu, bila udongo katikati, yamebanana tu. Kuba tulilijengea juu ya kichuguu cha mchanga mbichi, tumeufunika na magazeti yaliyoloweshwa. Upana wa ndani sentimita 90, kimo 42, na mdomo kimo 26. Hicho kimo cha mdomo msikichezee: kiwe kama asilimia 63 ya kimo cha kuba. Ukizidisha, joto linatoka. Ukipunguza, moto unakosa pumzi. Dohani iko mbele, juu ya mdomo, haiko katikati ya kuba.

Siku ya tano tukautoa mchanga. Nilijilaza kifudifudi, mkono wote ndani, nachota kwa kikombe. Ukigusa gazeti unajua umefika kwenye tofali. Nilipolibandua la mwisho na kumulika kwa simu, matofali yote yalikuwa yamesimama yenyewe, nikapiga kelele mpaka fundi akadhani limeniangukia.

Safari hii hatukuwa na papara. Siku saba za moto mdogo, wa kwanza kama wa kuchemshia chai, kila siku tukiongeza kidogo. Nyufa zilizotokea ni kama za nywele, nikazipaka tope. Nje tukavika tabaka la udongo na maranda, unene wa shibiri moja.

Banda ndilo lililonitesa, na hapo kosa ni langu. Nilitaka makuti kwa uzuri. Cheche moja ilitoboa tundu la ukubwa wa sahani, bahati ndoo ya maji ilikuwa karibu. Sasa ni bati. Usifikirie kukaa bila banda: masika moja tu inatosha kuyeyusha udongo wa nje. Tena angalia upepo. Tanuri la kwanza lilitazama kusini mashariki, na kusi ilipoanza mwezi wa tano ilikuwa inaingia mdomoni, inapoza sakafu, inarusha majivu kwenye unga. La sasa linatazama magharibi.

Kuni natumia matawi makavu ya mkorosho na mwembe. Maganda ya korosho usijaribu hata kama unapewa bure, mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake ni balaa. Saa moja na nusu kuba jeusi linaungua masizi na kurudi rangi ya tofali, hapo limeiva. Nasukuma makaa pembeni, nafuta sakafu kwa kitambaa kibichi, narusha unga kidogo. Ukiwa mweusi papo hapo nasubiri. Ukigeuka kahawia taratibu, naingiza. Pizza ya pweza na korosho zilizopondwa ndiyo inayogombewa hapa. Jioni naweka mkate wa kumimina, usiku nafunika mdomo kwa ubao uliolowa, asubuhi mle ndani bado naanika maembe.

Kwa fundi wa pili natoa nyota tano. Kwa tanuri, nne. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya kuni: sentimita 90 ni kubwa kwa familia ya watu sita, ningejenga 75. Na nguzo za banda zimeanza kuliwa. Mchwa walinipa udongo, sasa wanadai mbao. Mwezi ujao nabadilisha naweka mabomba ya chuma.