Misokoto ya bangi iliyotiwa mafuta: upi unastahili bei yake, upi unauza namba tu

Misokoto ya bangi iliyoongezwa mafuta makali yaliyotolewa kwenye bangi yenyewe inauzwa kwa namna tatu kwenye maduka halali ya Canada na California, na ni namna moja tu tunayoona inastahili kulipiwa zaidi: ile yenye rozini, yaani utomvu wa bangi uliokamuliwa kwa joto na kubanwa, iliyolazwa katikati. Ile iliyochanganywa mafuta kwenye majani inategemea kiwanda kilivyokuwa makini siku hiyo. Ile iliyopakwa mafuta kwa nje na kuviringishwa kwenye unga wa bangi ni pambo, na mteja analipia pambo linaloungua kabla hajavuta.

Wasomaji wa Arusha na Moshi wanakutana na bidhaa hii kwa njia mbili. Kuna wenye ndugu Toronto au Los Angeles, wanaotumiwa picha ya pakiti na kuulizwa kama ni salama. Na kuna waongoza watalii wanaopokea wageni uwanja wa ndege wa KIA wenye kichupa cha msokoto mfukoni, wakidhani kilicho ruhusa kwao ni ruhusa na hapa. Si ruhusa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha na kuvuta, na haiulizi umetokea nchi gani. Anayeishi Arumeru ameona mashamba yakifyekwa na kuchomwa moto, hahitaji kukumbushwa. Kwa hiyo kila tunachosema hapa kuhusu kutengeneza na kuvuta kinamhusu mtu mzima aliyeko kunakoruhusiwa.

Vijiweni watu husema hii ndiyo skanka. Hapana. Skanka ni bangi ya mbegu kali, ukali wake umetoka shambani. Msokoto huu unaweza kuwa na bangi ya kawaida kabisa ndani. Ukali umeongezwa baadaye. Tofauti hiyo ina maana kwa mvutaji, kwa sababu macho na pua haviwezi kumwambia umeongezwa kiasi gani.

Kinachoongezwa hakifanani pia. Ua kavu la dukani huwa na THC, kiini kinacholevya, kati ya asilimia 15 na 25. Ukilichekecha kwenye wavu mwembamba unapata unga wa vitezi vyake, vile vinundu vidogo vyenye utomvu, ambao huko huitwa kifu. Hashishi ya maji ya barafu hupatikana kwa kukoroga maua kwenye maji baridi mpaka vitezi vikatike na kuzama. Hashishi hiyo ikibanwa kwa mashine ya joto inatoa rozini, yenye asilimia 65 hadi 80 hivi, bila kemikali yoyote kuguswa. Distileti ni mafuta yaliyokenekwa mpaka yakabaki karibu THC tupu, asilimia 85 kwenda juu, nzito kama asali na haina harufu. Ndiyo maana viwanda huirudishia harufu ya matunda. Wanachokiita almasi ni chembe za THCA, ambayo hugeuka THC ikipata moto, safi kupita vyote, zinazotengenezwa mara nyingi kwa gesi ya butani au propani.

Hapo kwenye butani tusimame. Mtu asijaribu kukamua kwa gesi nyumbani, hata aliyeko nchi inayoruhusu bangi. Butani ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni bila kuonekana, na cheche ya swichi ya friji upande wa pili wa chumba inatosha kulipua jiko zima. Viwanda hufanya kazi hiyo kwenye mitambo iliyofungwa, chumba chenye feni zisizotoa cheche, na gesi inayobaki kwenye mafuta inapimwa. California imeweka kikomo cha butani kuwa sehemu 5,000 kwa milioni. Rozini haina kisa hiki hata kidogo, na ni sababu ya kwanza ya sisi kuipendelea.

Sasa namna tatu zenyewe. Misokoto iliyochanganywa ndiyo mingi zaidi sokoni, hasa ile midogo ya nusu gramu inayouzwa pakiti ya mitatu au mitano. General Admission wa Canada na Jeeter wa California ni majina ambayo ndugu zenu watayakuta kila duka. Kiwanda hupasha distileti joto mpaka ilainike, humiminia kwenye majani yaliyosagwa, kisha huchanganya. Ikichanganywa vizuri, kila pafu linafanana na lililotangulia, na hiyo ni sifa kubwa kwa bidhaa ya ukali huu. Ikichanganywa vibaya inaganda madonge: pafu tatu nyepesi, ya nne inakuangusha. Ipo pia njia ya kuchoma sindano kwenye msokoto uliokwisha kufungwa na kusukuma mafuta ndani. Ni ya haraka, lakini mafuta hukaa mstari mmoja, upande huo unachelewa kuungua, upande mkavu unakimbia, na unaishia na msokoto ulioungua ubavu mmoja kama mtumbwi.

Ya kupakwa nje hatutaichelewesha. Mafuta yaliyo juu ya karatasi yanachuruzika na kunata vidoleni, unga unaungua kwa moto wa kiberiti kabla moshi haujaingia mdomoni, na karatasi iliyolowa haishiki moto sawasawa. Ukiwa umeipewa, sawa. Usiinunue.

Ya rozini katikati inataka maelezo marefu kwa sababu ndiyo pekee mtu anayeweza kuitengeneza vizuri mwenyewe, na ndiyo inayoharibika kwa makosa madogo. Rozini haiungui kama jani. Inayeyuka na kugeuka mvuke. Inahitaji jani linalowaka kuizunguka pande zote, lile jani ndilo kuni. Ukizidisha rozini, kuni hazitoshi na msokoto unazimika kila dakika. Kwa gramu 1 ya ua, gramu 0.2 hadi 0.3 ya rozini inatosha. Kupita hapo unatupa hela.

Ua liwe kavu kiasi kwamba kijiti chake kinakatika kwa sauti lakini jani halivunjiki kuwa vumbi. Lisagwe saizi ya kati. Likiwa laini sana linaziba hewa na moshi hautoki. Likiwa na vipande vikubwa linaacha mapengo, na rozini iliyoyeyuka inapita kwenye mapengo hayo hadi kwenye karatasi. Vijiti vyote vitolewe, kimoja tu kinatoboa karatasi.

Rozini iwekwe kwenye karatasi ya kuokea, kisha friji dakika tano hadi kumi. Ikiwa na joto la mikono inanata kila mahali na nusu yake inabaki kwenye karatasi ya kuokea. Ikiwa imepoa, ikunje ndani ya karatasi hiyohiyo na kuiviringisha kwa vidole viwili mpaka iwe kamba ya milimita 2, unene wa kijiti cha kiberiti. Gramu 0.25 inatoa kamba ya sentimita 7 hivi. Rozini ya kuchagua ni ile iliyokomaa kwa baridi, yenye umbo la siagi ngumu. Ile ya majimaji itakimbia.

Tandaza nusu ya jani kwenye karatasi ndefu ya kusokotea, laza kamba katikati, funika kwa nusu iliyobaki, sokota. Kamba ianze kama nusu sentimita nyuma ya ncha ya kuwashia, na iishie sentimita 1.5 kabla ya kichujio. Hiyo sentimita na nusu ndiyo wengi wanaisahau. Rozini inayeyuka mbele ya moto na kusafiri kuelekea mdomoni. Isipokuta jani tupu la kuinywa, inafika kwenye kichujio, inapoa, inaganda, na hapo hata uvute vipi hakuna kitu. Kamba isiguse karatasi upande wowote. Doa la mafuta likionekana kwa nje kabla hujawasha, tayari msokoto umepinda ndani. Kichujio cha kioo kinavumilia joto na mafuta kuliko cha karatasi.

Kuwasha nako kuna namna. Moto usigusane na ncha. Uzungushe pembeni mpaka pete nzima iwe nyekundu, dakika moja ikipita si nyingi. Ukiwashwa vizuri, utaona katikati ya jivu pana tundu dogo la mviringo ambapo rozini ilikuwa, na pete nyeusi ya mafuta ikitembea kwenye karatasi milimita chache mbele ya moto. Tundu likiwa katikati, kazi imefanyika. Likihamia ubavuni, kamba haikulala sawa. Pafu fupi, kisha subiri nusu dakika au zaidi. Anayevuta kwa nguvu anayeyusha katikati haraka kuliko moto unavyosogea, na kichujio kinaziba hata kama kila kitu kingine kilikuwa sahihi.

Lebo ndiyo sehemu wauzaji wanapowashika watu. Asilimia kubwa mbele ya pakiti haikuambii unavuta kiasi gani. Tafuta miligramu. Chukua gramu 1 ya ua la asilimia 20: hiyo ni miligramu 200 za THC. Ongeza gramu 0.3 ya rozini ya asilimia 70: nyingine 210. Jumla 410 ndani ya gramu 1.3, kwa hiyo lebo itasema asilimia 31 na kitu. Msokoto wa kawaida wa gramu 1 kwenye rafu hiyohiyo ungekuwa na 200. Kama lebo imeandika THCA peke yake, zidisha kwa 0.877 kupata THC halisi itakayotokea baada ya moto, maana sehemu ya uzito inapotea kama hewa.

Si yote yanaingia mwilini. Kwa kuvuta, kinachofika kwenye damu ni kama asilimia 10 hadi 35. Ukigawa zile 410 kwa pafu 20, kila pafu inabeba miligramu 20 na kukufikishia 2 hadi 7. Ili upate kipimo cha kulinganisha: pakiti nzima ya bangi ya kula nchini Canada hairuhusiwi kuzidi miligramu 10. Kwa hiyo mgeni wa bidhaa hii anavuta pafu moja na kuweka chini robo saa. Wanaopitisha msokoto kwa watu wanne kama sigara ya kawaida ndio wanaoishia na kutapika, moyo kwenda mbio na hofu kali. Mwenye historia ya ugonjwa wa akili kwenye familia, na mjamzito, hii si yao kabisa.

Kabla ya kulipa, omba cheti cha maabara cha toleo hilo, mara nyingi kipo kwa msimbo wa QR kwenye pakiti. Kisomwe hadi chini: viuatilifu, metali nzito, ukungu, mabaki ya gesi. Namba ya toleo kwenye cheti ilingane na ya pakiti. Pakiti yenye rangi nzuri bila cheti ni hatari ya kweli. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na ugonjwa wa mapafu uliotokana zaidi na mafuta ya bangi ya vifaa vya kuvutia mvuke yaliyochakachuliwa kwa asetati ya vitamini E. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, wakiwemo 68 waliokufa. Mengi ya mafuta hayo yalitoka mitaani.

Kuhusu kutunza: kichupa kilichofungwa, gizani, baridi ya kawaida. Joto la gari lililoanikwa juani linayeyusha rozini ikiwa bado haijavutwa, na msokoto unaharibika bila kuguswa.

Na kwa waongoza watalii: neno hili lisemwe kwenye ujumbe wa maandalizi unaotumwa kwa mgeni kabla hajapanda ndege, pamoja na ile orodha ya koti la baridi na dawa ya malaria. Sheria ya Canada yenyewe inakataza kuvuka mpaka na bangi, kutoka au kuingia, hata anakokwenda kukiwa kunaruhusiwa. Kichupa kitupu chenye mabaki nacho kiachwe nyumbani. Mgeni akikitoa garini njiani kuelekea Karatu, dereva naye yumo ndani ya gari hilo kwenye kizuizi cha polisi, na leseni iliyo hatarini ni yake.