Mizani ya jikoni na vikombe vya kupimia kutoka Makoroboi

Seti hii ya mizani ya kidijitali na vikombe vinne vya plastiki, niliyoinunua katika duka la vyombo eneo la Makoroboi jijini Mwanza, inamfaa sana mpishi anayenunua mboga kwa kilo au kwa fungu huku mapishi anayoyafuata yakitaja vikombe.

Kikombe kikubwa ni cha mililita 240. Kikijazwa kitunguu kilichokatwakatwa hubeba takriban gramu 160, nyanya zilizokatwa gramu 180, na karoti iliyokwanguliwa gramu 110 hivi, kwa hiyo kilo moja ya karoti, ikishamenywa, hutoa vikombe vinane au zaidi kidogo.

Thamani ya mizani huonekana hasa kwenye mboga za majani. Kikombe cha spinachi mbichi kina takriban gramu 30 tu, lakini spinachi iliyochemshwa na kuchujwa maji hufikia gramu 180 katika kikombe kilekile, tofauti ya mara sita inayoweza kuharibu kabisa hesabu ya anayepikia sherehe. Kwa majani, nashauri kwa dhati kupima uzito kabla ya kuosha, kwa kuwa maji yanayobaki huongeza gramu.

Kitufe cha kurudisha sifuri baada ya kuweka bakuli kinafanya kazi vizuri. Vikombe havikuniridhisha: alama zake zimechapishwa kwa rangi inayofutika kwa sabuni na stiliwaya. Anayeweza kupata vikombe vya chuma vyenye alama zilizochongwa avichukue hivyo, na mizani anunue hii.