Nilivyochagua .22 ya kukoki kwa mkono bila kukausha akiba

Nimehangaika na hili jambo karibu mwaka mzima kwahiyo ngoja nimwage yote. Nilikuwa natafuta bunduki ya .22 LR (ile risasi ndogo) ya bolti, yaani unakoki kwa mkono kila risasi, yenye shabaha kweli na sio ya kutishia makopo, na hela yangu ilikuwa ya mtu wa mshahara, yaani zile Anschütz za watu wa mashindano makubwa nilikuwa naziona kwenye picha basi. Mwisho nimeishia na CZ 457 na sijuti, ila zipo nyingine tatu ambazo ukizichukua sitakucheka, na hata hii yangu ina mambo yake.

Nilianza vibaya. Nilinunua kuukuu kwanza. Aliyeniuzia alisema haijapigwa sana, na kwa nje kweli ilikuwa inang'aa kama imetoka kiwandani jana, mi nikaridhika. Siku ya kwanza tu kila ganda linang'ang'ania ndani, unavuta bolti inarudi mikono mitupu, mpaka nichokonoe na kijiti. Nikampelekea fundi, akamulika tochi kwenye mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa, akaniita nione: kidonda kidogo hivi, kama mtu kabonyeza ukucha kwenye siagi. Hapo ndio ganda lilikuwa linafutukia na kunasa. Ni kazi ya mtu aliyekuwa anafyatua tupu, bila risasi ndani, miaka na miaka. Maana .22 kiwashio chake hakiko katikati ya kitako cha ganda kama risasi kubwa, kimepakwa ndani ya ule ukingo wa pembeni, pini inagonga ukingo, sasa risasi ikiwa haipo kwenye bunduki nyingi za zamani pini inatua kwenye chuma cha chemba moja kwa moja. Fundi aliirudisha chuma mahali pake lakini moyo ulishakufa, nikaiuza kwa hasara na aliyenunua nikamwambia ukweli wote. Ukienda kuangalia kuukuu nenda na tochi, rangi ya nje achana nayo.

Baada ya hapo nikaamua mpya. Nilipata bahati ya kupiga za watu wanne tofauti, ndio maana nina mdomo.

Savage Mark II inatengenezwa Lakefield, Ontario, Kanada, na kwa hela ndogo kabisa ndio inayokupa shabaha nyingi zaidi, hapo mi sina ubishi. Ina ile AccuTrigger, kuna kaulimi kembamba katikati ya triga, usipokabonyeza haifyatui, kwahiyo unaweza kuilegeza ukavuta kiulaini bila kuogopa ikianguka itajifyatua. Na wewe wa mkono wa kushoto, wanazo za bolti ya kushoto, kitu ambacho kwenye bei za chini ni kama kutafuta jino la kuku. Bolti yake haiteleziteleze kama za wenzake, ila inafanya kazi.

Ruger American Rimfire inakula magazini ileile ya kuzunguka ya risasi 10 ya 10/22, bunduki nyingine ya Ruger iliyoingia sokoni 1964, kwahiyo magazini zimejaa kila kona na inakaa sawa na tumbo la bunduki, haining'inii chini. Kama nyumbani kuna 10/22 tayari, mi sioni sababu ya kuumiza kichwa.

Tikka T1x ya Finland, aisee. Hiyo bolti ukiivuta inateleza mpaka unajisikia vibaya kurudi kwenye yako. Inakaa kwenye vitako (ile sehemu ya kushikia na kuegesha begani) vilevile vya T3x, bunduki yao ya risasi kubwa, maana yake vitako vya kubadilishia vipo kibao. Nilikaribia sana kuichukua, kilichonirudisha ni kwamba baada ya kuinunua nisingebakiwa na hela ya risasi wala skopu (darubini ya kulengea), na bunduki bila risasi ni fimbo ya bei mbaya.

Sasa CZ 457, inatoka Uherský Brod kule Cheki. Bolti inanyanyuka digrii 60 tu wakati CZ 455 iliyotangulia ilikuwa 90, tofauti unaisikia ukiwa na skopu kubwa kwa sababu vidole havigongi kioo. Triga unaitengeneza mwenyewe, uzito, ule mwendo wa kabla ya kufyatua na ule wa baada, yangu nimeiweka kama kilo moja hivi. Mtutu unatoka kwa skrubu mbili, leo .22 kesho .17 HMR (risasi nyingine nyembamba zaidi) kama una mtutu wa pili. Na sefti, kile kifungo cha usalama, sasa inaenda kama za watu wote, sukuma mbele kupiga, maana ile CZ 452 ya zamani ilikuwa kinyume na waliozoea nyingine ilikuwa inawachanganya. Kinachonikera ni magazini ya risasi 5, unaanza kupata raha imeisha, na ni nzito, ukitembea nayo asubuhi mpaka mchana bega linakwambia.

Ila nisikilizeni, hizi nne zote mita 50 zina shabaha kuliko wengi wetu. Pesa inakopotelea au inakookolewa ni kwenye risasi. Mi nilinunua aina sita, paketi moja moja, nikaweka bunduki kwenye mifuko ya mchanga siku isiyo na upepo, kila aina matundu 5 mara tano. Sio tundu 3 mara moja halafu unapiga picha, tundu 3 hata bunduki ya hovyo itakubahatishia. Bunduki ileile, mtu yuleyule, asubuhi ileile: aina moja ya mwendo kasi ikanipa wastani wa milimita 32 kati ya matundu yaliyoachana zaidi, nyingine ya mwendo wa kawaida milimita 13. Zaidi ya mara mbili! Ili ujue ukubwa wake, duara la kumi kwenye shabaha ya Olimpiki ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4, kwahiyo 13 kwa bunduki ya mshahara nilitamani kuifremu ile karatasi.

Na usidhani kasi ndio shabaha. Risasi ya mwendo wa kawaida inatoka kama mita 325 kwa sekunde, iko chini ya mwendo wa sauti ambao ni kama 340. Ile ya kasi inatoka kwenye 375 hivi, halafu kabla haijafika mita 100 inashuka tena chini ya mwendo wa sauti, na pale inapovuka inatikisika. La ajabu zaidi, upepo unaisukuma ile ya kasi kuliko ya polepole, kwa sababu inayosukumwa pembeni sana ni ile inayopoteza mwendo mwingi njiani, mi nilibisha hili mpaka nikaliona kwenye karatasi. Ubaya wa polepole ni kudondoka, ukiwa umeiseti mita 50 ukaenda 100 itapiga chini kama sentimita 20 hivi.

Ukibadilisha aina usihukumu tundu za mwanzo pia. Risasi hizi ni za madini laini zimepakwa nta, mtutu unahitaji kuizoea nta mpya, mi huwa napiga kama 15 hivi za kupoteza ndio naanza kuhesabu. Na acha kusugua mtutu kila ukirudi nyumbani. Futa chemba, futa bolti, inatosha mpaka matundu yenyewe yaanze kutawanyika.

Skopu: chukua ya rimfaya (iliyotengenezwa kwa bunduki kama hizi za kiwashio cha ukingoni) au yenye kurekebisha paralaksi, yaani ule msalaba kuhama ukisogeza jicho. Skopu nyingi za bunduki kubwa zimesetiwa kiwandani kwa yadi 100 au zaidi, ukiziweka kwenye .22 ukalenga mita 50, sogeza jicho kidogo tu msalaba unahama kwenye shabaha wakati bunduki haijatikisika. Na kabla ya kununua pete za kushikia skopu angalia juu ya bunduki yako, CZ na Tikka zina reli ya milimita 11, pete za Weaver, zile za reli pana, haziingii.

Halafu kuna skrubu. Wiki mbili nzima nilikuwa natukana risasi zangu nzuri, zile za milimita 13 zimekuwa 25, nikasema wamebadilisha baruti, nikabadilisha aina, nikamlaumu hadi rafiki yangu aliyenishikia mifuko. Siku nimegeuza bunduki kuifuta ndio nikakuta skrubu ya nyuma inayoshika chuma kwenye kitako inazunguka kwa kidole. Kwa kidole! Nikaikaza kwa spana ya kupimia nguvu, matundu yakarudi siku hiyohiyo. Na vile vitako vya plastiki vya matoleo ya bei ya chini, karibu kampuni zote, bana kitako na mtutu kwa mkono uone kama vinagusana, vikigusana shabaha inategemea ulivyoshika.

Kitu kimoja ambacho sikuambiwa ni habari ya loti. Kila paketi ina namba ya loti, yaani mzigo uliotengenezwa pamoja, na jina lilelile loti tofauti linaweza kupiga tofauti kabisa kwenye mtutu wako. Niliposhaona ile ya 13 nilitakiwa kurudi dukani siku ileile nichukue katoni nzima, badala yake nikachukua paketi kumi nikajiona nimejaza ghala. Zimebaki mbili. Dukani wameleta mzigo mpya, jina lile, rangi ile, namba nyingine, kwahiyo Jumamosi mifuko ya mchanga inatoka tena stoo.