Kijitabu cha njia za magari ya Kusini: nimekitumia miezi minne dirishani

Kabla sijakipata kijitabu hiki nilimpoteza bibi mmoja. Alikuja dirishani kwangu stendi ya Mkanaledi asubuhi, mvua inanyesha, mkononi ana kikaratasi alichoandikiwa na mjukuu wake: “gari la Newala”. Nikamkatia tiketi ya gari lililokuwa linajaza. Gari lile lilikuwa la kupitia Masasi, na bibi alikuwa anashuka Tandahimba, iliyo kwenye njia nyingine ya Newala. Mchana konda akanipigia simu kwamba kuna mama mtu mzima analia garini, hatambui njia. Alilala kwa watu wasiomjua, akafika kwake kesho yake. Mjukuu aliandika sawa, mimi nilisoma sawa. Jina ndilo halikutosha. Nimeuza tiketi Mtwara miaka 11, na siku ile sikula.

Kwa hiyo nilipokiona kijitabu cha njia kwenye steshenari moja karibu na soko, shilingi 4,000, nilikilipia palepale bila kuomba kupunguziwa. Kina kurasa 36, jalada la bluu la karatasi ngumu, na kinaingia mfuko wa shati. Aliyekiandaa ndiye mwenye duka, kijana aliyekuwa konda wa Mikindani kabla hajaanza kazi ya kutoa kopi.

Alichofanya, na ambacho sijakiona kwenye bango lolote hapa mjini, ni kuipa kila njia jina la vipande vitatu: inakoanzia, inakopita, inakoishia. Humo hakuna “gari la Newala”. Kuna Mtwara–Tandahimba–Newala, na chini yake kuna Mtwara–Masasi–Newala, zote mbili ukurasa mmoja ili jicho lisiione moja likaikosa nyingine. Kisha vituo vinafuatana kama unavyovikuta barabarani. Njia ya kwanza inatokea Naliendele, inakwenda Mnivata, inapanda Tandahimba. Ya pili inapita Mikindani, inaacha barabara ya Lindi pale Mnazi Mmoja, halafu Mtama, Nyangao, Nanganga, Ndanda, Masasi, ndipo inapanda Newala. Mtu akikuonyesha kidole anaposhuka, umeshajua apande lipi. Sasa hivi hakuna abiria ninayemkatia tiketi kabla sijamuuliza, “Unashuka wapi, mama?” Zamani niliuliza, “Unakwenda wapi?”, na nilidhani ni swali lilelile.

Ukurasa wa Kilwa ameutendea haki pia. Abiria wanasema “Kilwa” basi, kana kwamba ni moja. Ziko Masoko, Kivinje na Kisiwani, na hiyo ya mwisho unavuka maji. Basi la Dar es Salaam linapita Nangurukuru, na wa Masoko anashuka njia panda kutafuta gari jingine. Kijitabu kinaitaja Nangurukuru kwa herufi nene, na Kilwa zote zimepangwa chini yake kama matawi. Nachingwea nayo imewekwa mara mbili, kwa anayepitia Masasi na kwa anayekatia Nanganga kupitia Ruangwa. Wengine wangesema amerudia bure. Mimi nasema hapo ndipo alipofikiri, kwa sababu anayetafuta hajui ataanzia wapi kutafuta.

Majina yanayogongana ameyaandikia mji, na pale tu yanapogongana: Mnazi Mmoja (Lindi), kwa kuwa Dar nayo ina Mnazi Mmoja yake. Sisi tuna Magomeni na Tandika, Dar wanazo. Tuna Shangani, Unguja wanayo. Mgeni akisikia Magomeni dirishani anaweza kuanza kuhesabu nauli ya mbali wakati anatakiwa apande bajaji tu.

Sehemu ya daladala za mjini ndiyo iliyoniuma. Amezipa namba, kuanzia 1 hadi 7, namba alizozitunga mwenyewe. Hakuna daladala Mtwara yenye namba hizo kioo cha mbele, hakuna konda anayeziita. Nairobi namba zina kazi, kwa sababu zimo midomoni mwa watu: ukisema 46 umesema Kawangware, ukisema 111 umesema Ngong. Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walipotoa ramani ya matatu mwaka 2014, walizikuta namba hizo mtaani wakazichora. Dar es Salaam daladala inaandikwa miisho yake miwili mbele na kupakwa mkanda wa rangi ya njia yake, na abiria anasoma hivyohivyo. Jina la njia linachukuliwa kwa anayeipanda. Nilimwambia haya dukani kwake, akasema namba zilimsaidia kupanga kurasa. Nikamwambia, basi zibaki kwako, mdogo wangu, kwenye daftari lako la kazi, usiniuzie mimi.

Kuna kosa jingine, dogo kwa kuliangalia, kubwa kwa msafiri. Ukurasa wa Masasi anaandika Mnazi Mmoja, ukurasa wa Lindi anaandika Mingoyo, kwa njia panda ileile. Naelewa lilikotoka. Serikalini barabara ile inaandikwa Mtwara–Mingoyo–Masasi, na abiria wanasema Mnazi Mmoja. Yote mawili yana haki ya kuwemo, ila lichaguliwe moja la kuongoza, na lile jingine liwekwe kwenye faharasa likimwelekeza msomaji kule kwa mwenzake. Faharasa yenyewe ipo nyuma, ya alifabeti, nzuri sana. Ilibaki kazi ya mstari mmoja.

Nauli angeziacha. Zinapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na zinabadilika; nakala yangu tayari ina mbili nilizozikata kwa kalamu. Lakini nampa heko kwamba chini ya kila ukurasa kuna mwezi na mwaka alioukagua. Njia zinahama. Stendi yenyewe ilikuwa katikati ya mji, ikahamia Mkanaledi, na mpaka leo wazee wanakuja na maelekezo ya stendi ya zamani.

Majina ya zamani hayakufutwa, na hilo limenigusa. Tuna kata inaitwa Reli. Mtoto wangu aliniuliza iko wapi hiyo reli, akakosa la kuona. Waingereza waliijenga kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga baada ya Vita ya Pili. Karanga hazikuwalipa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa. Njia imekufa, jina bado linashusha abiria. Mwenye kijitabu ameliweka mahali pake, pamoja na mstari mmoja wa maelezo, na mwanangu ameusoma kwa sauti mara tatu.

Karatasi ya ndani ni nyepesi, wino unaachia kidole kikiwa na jasho, na pini za katikati zinashika kutu kwa upepo wetu wa bahari. Hayo ni ya kurekebishika. Kwa 4,000 ningekinunua tena, na kweli nimekinunua tena. Cha kwanza nimekitoboa kona na kukifunga uzi kwenye nondo ya dirisha, abiria wanakivuta wenyewe wanasoma. Cha pili nimempelekea dada yangu anayeuza chai stendi ya Lindi. Alinijibu siku hiyohiyo: kivuko cha Kitunda hakimo, na yeye anaulizwa kila asubuhi. Nimekwenda dukani jana kumpa kijana ujumbe huo. Aliuandika ukutani, nyuma ya mashine ya kopi, chini ya neno Mingoyo.