Kalenda nzuri ya ukutani, ila visanduku vya sikukuu vinapotosha

Niliinunua Kariakoo mwishoni mwa Desemba, shilingi 6,000. Karatasi nzito, haijikunji hata upepo wa feni ukiipiga, na tarakimu ni kubwa kiasi kwamba mama mkwe wangu anazisoma akiwa mkekani bila miwani. Tarehe za Kiislamu zimo pia, kwa maandishi madogo. Kwa hayo nawapongeza waliochapa.

Tatizo ni vile visanduku vinavyoeleza chanzo cha kila sikukuu. Cha Desemba 9 kimeandikwa: "Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961." Binti yangu yuko darasa la tano. Alinakili hivyo hivyo kwenye daftari, kisha akamsomea bibi yake, mzaliwa wa Mkoani, Pemba. Bibi akamuuliza, "Mwaka huo sisi tulikuwa wapi, mjukuu wangu?" Mtoto akabaki ananitazama mimi.

Iliyopata uhuru siku ile ni Tanganyika. Zanzibar ilikuwa bado chini ya Waingereza, na uhuru wake ulikuja Desemba 10, 1963, mwezi mmoja tu kabla ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Muungano ni wa Aprili 26 mwaka huo huo, na jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba. Mimi ni wa Dodoma, mume wangu ni wa Pemba. Nyumbani kwetu jambo hili si dogo.

Kisanduku hicho hicho kinadai Nyerere aliapishwa kuwa rais siku hiyo. Alikuwa waziri mkuu. Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa nchi mpaka Desemba 9, 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri. Tarehe ni ile ile, mwaka ni mwingine, na nahisi wengi wanakosea hapo.

Saba Saba wameiita "siku ya maonyesho ya biashara" na kuishia hapo. Nimewahi kuuza batiki kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa, nayapenda maonyesho yale. Lakini siku yenyewe ilianza kuenziwa kwa sababu TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Julai 7, 1954, na kalenda nzima haitaji TANU hata mara moja. Oktoba 14 nayo wameiandika kuwa siku ya kuzaliwa Mwalimu Nyerere, wakati ndiyo siku aliyofariki, London, 1999. Alizaliwa Aprili.

Karume Day, siku ya kumkumbuka rais wa kwanza wa Zanzibar, wamepatia.

Kama unataka kalenda ya kuonyesha tarehe tu, inunue, itadumu mwaka mzima. Kama una mwanafunzi nyumbani, kaa naye mnapoisoma. Mimi nimebandika karatasi nyeupe juu ya kisanduku cha Desemba. Bibi akawa anataja, binti anaandika kwa kalamu ya wino: Tanganyika, 9 Desemba 1961. Zanzibar, 10 Desemba 1963.